Kuongoza Kikao: Maana ya Kitenzi Hiki na Namna ya Kukitumia Bila Kumkosea Aliyekuwa Kwenye Kiti

Katika kikundi chetu cha kuweka na kukopa, ambacho nimekiandikia mihtasari kwa miaka kadhaa, sentensi moja niliyoiandika kwa haraka ilitugharimu mchana mzima. Niliandika kwamba "kikao kiliendeshwa na Katibu kwa kuwa Mwenyekiti alikuwa msibani." Miezi michache baadaye mwanachama mmoja aliyetozwa faini siku hiyo alisimama, akaomba muhtasari usomwe, kisha akasema kwamba faini yake haina nguvu, kwa sababu katiba ya kikundi haimpi Katibu mamlaka ya kuongoza kikao. Kwa maandishi yale, alikuwa na haki ya kuuliza. Kilichotokea hasa ni kwamba Makamu Mwenyekiti ndiye aliyekalia kiti, ndiye aliyeruhusu watu kusema na ndiye aliyetamka uamuzi. Mimi nilisoma ajenda moja baada ya nyingine na kuita majina. Kiongozi wa kikao alikuwepo tangu mwanzo hadi mwisho, lakini kalamu yangu ilimwondoa.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya katibu wa kikundi, mtendaji wa kijiji, karani wa kamati ya shule na mwandishi wa habari wa mkoani, watu ambao kila wiki huandika nani alifanya nini katika mkutano fulani. Ninachokisisitiza ni kimoja: katika maandishi rasmi kitenzi "kuongoza" ni cha mtu aliyekuwa na mamlaka ya kiti, na vitenzi vilivyo jirani nacho, yaani kuendesha, kusimamia, kuitisha, kufungua na kuhutubia, vina wenyewe. Anayevibadilisha kwa kuona haya kurudia neno moja mara mbili huhamisha mamlaka kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine, na aghalabu hajui kwamba amefanya hivyo.

Hatua ya kwanza: lijue neno na ukoo wake

Kuongoza ni wa ukoo mmoja na kuongoa na kuongoka. Kuongoa ni kumtoa mtu katika njia isiyofaa na kumtia katika inayofaa. Aliyeongolewa akakubali huwa ameongoka, na hali yake huitwa uongofu. Mwislamu anayeomba aongozwe katika njia iliyonyooka na Mkristo anayemwomba Mungu amwongoze safarini wote wanalitumia neno kwa maana yake ya asili: kuna njia, kuna anayeijua au aliyekabidhiwa kuionyesha, na kuna wanaoifuata kwa miguu yao wenyewe. Kutokana na ukoo huo tumepata kiongozi, uongozi na mwongozo, neno ambalo lilipata uzito wa kisiasa nchini Tanzania mwaka 1971, pale TANU ilipotoa waraka wake wa sera uliojulikana kwa jina hilo hilo la Mwongozo.

Kuendesha ni wa ukoo mwingine kabisa. Umetokana na kuenda, na maana yake ni kukifanya kitu kiende. Tunaendesha baiskeli, mashine ya kusaga, kesi, biashara, zoezi la chanjo; hata tumbo likichafuka tunasema linaendesha. Kinachoendeshwa ni shughuli au chombo, na macho ya msemaji yanatazama mwendo wake: kinakwenda au kimekwama, kinakwenda upesi au polepole.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Kuongoza kunatazama watu na mamlaka, kuendesha kunatazama shughuli na mwendo wake. Ukitaka kujua ni kipi kinachofaa katika sentensi yako, jiulize ni swali gani unalolijibu. Kama swali ni "nani alikuwa kwenye kiti?", jibu lake ni kuongoza. Kama swali ni "kikao kilikwendaje?", jibu lake ni kuendesha, na ndiyo maana kuendesha hupenda kufuatwa na maelezo ya namna: kikao kiliendeshwa kwa uwazi, kwa utulivu, kwa Kiswahili, kwa kufuata kanuni, kwa njia ya simu. "Kikao kiliongozwa kwa njia ya simu" hukwaza sikio. "Kikao kiliendeshwa kwa njia ya simu, Mwenyekiti akikiongoza kutoka Dodoma" hueleweka mara moja.

Sitaki kueleweka vibaya kwamba kila asemaye "Mwenyekiti aliendesha kikao vizuri" amekosea. Katika mazungumzo ya kawaida, na hata katika kumsifu mtu, sentensi hiyo ni nzuri, kwa kuwa inausifu mwendo. Kosa huja pale ambapo kuendesha ndicho kitenzi pekee kilichoandikwa, na msomaji wa baadaye hana pengine pa kujua nani alikuwa na mamlaka.

Hatua ya pili: tambua kilichoongozwa

Kabla ya kuandika "aliongoza", hakikisha unajua ni chombo chenyewe, ni mkutano, au ni kikao kimoja tu. Mfano ulio wazi kuliko yote ninaoujua ni wa Dkt. Salim Ahmed Salim. Mwaka 1979 alichaguliwa kuwa Rais wa Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa katika mkutano wake wa 34. Ni sahihi kuandika kwamba aliongoza vikao vya Baraza Kuu. Si sahihi kuandika kwamba aliongoza Umoja wa Mataifa, kwa kuwa mtendaji mkuu wa umoja huo ni Katibu Mkuu. Miaka kumi baadaye, mwaka 1989, akawa Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, nafasi aliyoishika hadi 2001, na hapo mambo yakageuka: sasa aliiongoza sekretarieti na kuziendesha shughuli zake za kila siku, ilhali mikutano ya wakuu wa nchi iliongozwa na rais aliyekuwa mwenyekiti wa umoja kwa kipindi hicho, kama Mwalimu Nyerere alivyokuwa kati ya 1984 na 1985. Mtu mmoja, vyeo viwili, na kitenzi kile kile kikidai mtendwa tofauti.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inalitumia neno kwa uangalifu wa aina hii. Ibara ya 54 inampa Rais kazi ya kuongoza mikutano ya Baraza la Mawaziri, na inataja anayeshika nafasi hiyo asipokuwepo: Makamu wa Rais, na baada yake Waziri Mkuu. Katika ibara zinazohusu Bunge, Spika anatajwa kuwa kiongozi wa Bunge, na mbali na hapo ipo ibara nyingine inayoeleza nani ataongoza kila kikao: Spika, au Naibu Spika kama Spika hayupo, au mbunge aliyechaguliwa kwa ajili hiyo kama wote wawili hawapo. Waandishi wa Katiba walijua kwamba kuongoza Bunge na kuongoza kikao cha Bunge ni mambo mawili, kwa maana Naibu Spika anayekalia kiti asubuhi moja hawi kiongozi wa Bunge kwa sababu hiyo.

Tofauti ya mkutano na kikao nayo inafaa kuzingatiwa. Bungeni, mkutano ni kipindi kizima kinachoweza kuchukua wiki kadhaa, na kikao ni mkao wa siku moja ndani ya mkutano huo. Kumbukumbu rasmi huandika, kwa mfano, Mkutano wa Tatu, Kikao cha Tano. Vijijini matumizi ni mengine: mkutano ni wa watu wengi na kikao ni cha wajumbe, ndiyo maana tuna Mkutano Mkuu wa Kijiji lakini kikao cha Halmashauri ya Kijiji. Andika kama chombo husika kinavyojiita.

Hatua ya tatu: vipe vitenzi jirani kazi yake

Kuitisha ni kuwaita watu waje, na ni tendo la mamlaka kama lilivyo kuongoza. Aliyeitisha si lazima awe ndiye aliyeongoza. Sheha wa Zanzibar au chifu wa Kenya anaweza kuitisha baraza kwa maagizo ya aliye juu yake, na anayekuja kulihutubia ni mwingine. Katika muhtasari, pale ambapo katiba ya kikundi inadai kikao kiitishwe na mtu fulani kwa notisi ya siku kadhaa, sentensi ya "kikao kiliitishwa na..." ina uzito wake na haipaswi kumezwa na sentensi ya nani aliongoza.

Kufungua ndiko kunakowapoteza waandishi wa habari wengi. Mkuu wa wilaya akialikwa kuwa mgeni rasmi katika mkutano mkuu wa chama cha ushirika, husoma hotuba, hutamka kwamba mkutano umefunguliwa, huenda hupiga picha ya pamoja na wajumbe, kisha huondoka. Mkutano wenyewe, wenye mahesabu na mabishano ya bei ya korosho au kahawa, unaongozwa na mwenyekiti wa chama. Habari ya siku inayofuata ikisema "Mkuu wa Wilaya aongoza mkutano wa ushirika", mkulima aliyekuwa ukumbini anaisoma akijua kwamba si kweli, na aliye mbali anaamini kwamba serikali ndiyo iliyokaa kwenye kiti cha chama chake. Andika kwamba alifungua mkutano na kuuhutubia. Kuhutubia, kwa kuwa kumetokana na hotuba, hakumpi mtu mamlaka yoyote juu ya mkutano zaidi ya muda wa kusema.

Kusimamia ni kitenzi chenye heshima yake, na picha iliyomo ni ya mtu aliyesimama juu ya kazi akiitazama bila kuingia ndani yake. Tuna msimamizi wa mirathi, msimamizi wa mitihani na msimamizi wa uchaguzi. Katika vikundi vyetu, ajenda ya uchaguzi ikifika, viongozi wote hujiuzulu na kuachia viti, na aghalabu afisa maendeleo ya jamii wa kata au mwanachama asiyegombea hushika nafasi yao mpaka matokeo yatangazwe. Sehemu hiyo ya muhtasari iandikwe kwamba uchaguzi ulisimamiwa na fulani. Ukiandika kwamba "uliongozwa" naye, unakaribisha swali kwamba aliwaongoza wapiga kura kuelekea kwa nani, na hilo ni swali ambalo hakuna msimamizi mwaminifu anayelitaka.

Yapo mengine ya kupitia kwa haraka. Kuratibu ni kupanga ukumbi, barua, usafiri na chakula. Kuwezesha ni kwa semina na warsha, ambako mwezeshaji huwasaidia washiriki kujifunza au kujadiliana na hatoi uamuzi. Kusherehesha ni kwa hafla. Imamu huswalisha, naye mchungaji huongoza au huendesha ibada, na hapo lugha imeshazoea vyote viwili. Kuahirisha ni kukisogeza kikao hadi siku nyingine, kufunga ni kukimaliza, na kuvunja ni kukitawanya au kukikatiza kabla hakijafika mwisho. Kuvunja Bunge, hata hivyo, ni tendo la kikatiba la kukomesha uhai wa Bunge zima, kwa hiyo mwandishi asiseme kwamba Spika "alivunja Bunge saa 7 mchana" wakati alichokifanya ni kusitisha shughuli za Bunge hadi jioni.

Hatua ya nne: zingatia sarufi yake

Kuongoza huchukua mtendwa moja kwa moja, na kiambishi cha mtendwa hufuata ngeli ya jina: mkutano aliuongoza, kikao alikiongoza, vikao aliviongoza, baraza aliliongoza, kongamano aliliongoza, semina aliiongoza. Kiambishi hicho kina maana yake. "Mwenyekiti aliongoza kikao" ni taarifa tu. "Kikao alikiongoza Mwenyekiti" inasisitiza kwamba ni yeye na si mwingine, na ndiyo sura unayoihitaji palipokuwa na ubishi.

Katika kauli ya kutendwa, jihadhari na neno "na", kwa sababu linamtaja mtenda na pia linaunganisha. Sentensi "Kikao kiliongozwa na Mwenyekiti na Katibu" inaweza kusomwa kwamba wote wawili walikiongoza. Mwandishi alitaka kusema kwamba mmoja aliongoza na mwingine aliandika. Dawa yake ni kiambishi -ki-: "Kikao kiliongozwa na Mwenyekiti, Katibu akiandika muhtasari." Kwa kiambishi hicho kimoja kila mtu amerudi mahali pake.

Kuongozana si kuongoza kwa kupokezana. Kuongozana ni kwenda pamoja, mmoja nyuma ya mwingine au ubavuni mwake: Waziri aliongozana na wakuu wa mikoa. Watu wawili wakipokezana kiti, andika kwamba walikiongoza kikao kwa kupokezana, na utaje saa ambayo kila mmoja alikalia kiti.

Herufi moja nayo hubeba makubwa. "Aliongeza kikao" na "aliongoza kikao" zote ni Kiswahili safi, na kwa kuwa zote zina maana, mashine ya kusahihisha tahajia haitakuonya. Ya kwanza inasema kwamba Mwenyekiti aliweka kikao kingine juu ya vilivyopangwa, na palipo na posho za vikao, maneno hayo yanaweza kumfikisha mtu mbele ya mkaguzi. Vivyo hivyo kuendesha na kuendeleza: "kikao kiliendelezwa kesho yake" ina maana kwamba kilichukuliwa pale kilipoachwa.

Upande wa kiti unastahili maelezo zaidi, kwa sababu Kiswahili kimeyajenga maneno ya mikutano juu ya tendo la kukaa. Kikao kimetokana na kukaa. Baraza, kabla halijawa chombo cha serikali, ni ile sehemu ya kukaa nje ya mlango wa nyumba, ya mawe na chokaa, ambayo bado unaiona Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar, mahali ambapo wazee walikaa na mambo yakaamuliwa. Mwenyekiti ni mwenye kiti, na kwa wingi ni wenyeviti, neno ambalo limeviweka vyote viwili katika wingi, wenye na viti. Bungeni, neno Kiti huzungumzwa kana kwamba ni mtu: Kiti kimeelekeza, Kiti kimetoa mwongozo. Kwa hiyo kuna njia nyingine tatu za kusema kuongoza ambazo ni sahihi na za heshima: kukalia kiti, kushika kiti, na kikao kufanyika chini ya uenyekiti wa fulani. Ile ya "chini ya uongozi wa fulani" iepuke katika muhtasari, maana msomaji hawezi kujua kama fulani alikiongoza kikao kile au ndiye tu kiongozi wa taasisi kwa kipindi hicho.

Hatua ya tano: chagua wakati unaolingana na hati

Katika katiba ya kikundi na katika kanuni, tumia -ta-: "Mwenyekiti ataongoza vikao vyote vya Kamati." Hapa -ta- haisemi habari ya kesho, inatoa amri, na ndivyo sheria zetu zilivyozoea kuandikwa. Katika maelezo ya utaratibu, kama vile kijitabu cha wanachama wapya, hu- inatosha: "Mwenyekiti huongoza kikao na Mweka Hazina husoma mahesabu." Katika muhtasari tumia -li- kwa matendo yaliyofanyika na -me- kwa hali iliyothibitishwa, kama "akidi imetimia". Vichwa vya habari vya magazeti hukata kiambishi na kuandika "Spika aongoza", jambo linalofaa gazetini na lisilofaa kabisa kwenye muhtasari, kwa kuwa halionyeshi kama tendo limekamilika.

Katiba ya kikundi isiishie kwenye Mwenyekiti. Vikundi vingi huandika kwamba Mwenyekiti ataongoza vikao, kisha vikanyamaza, na siku Mwenyekiti anapofiwa au kuugua watu hutazamana. Andika mlolongo mzima, kama Katiba ya nchi ilivyofanya kwa Baraza la Mawaziri: Mwenyekiti, asipokuwepo Makamu, na wote wawili wasipokuwepo mjumbe atakayechaguliwa na waliohudhuria kwa kikao hicho tu. Maneno "kwa kikao hicho tu" yasiachwe.

Hatua ya sita: andika kila kiti kinapobadilika

Mtu anayeongoza kwa niaba ana majina tofauti, nayo hayalingani. Kaimu Mwenyekiti hushika madaraka yote ya nafasi mpaka mwenyewe arudi au mwingine ateuliwe. Mwenyekiti wa muda huchaguliwa ili kazi ianze. Bunge Maalumu la Katiba la mwaka 2014 lilionyesha jambo hilo kwa uwazi mbele ya nchi nzima: lilianza kwa kumchagua Pandu Ameir Kificho, aliyekuwa Spika wa Baraza la Wawakilishi la Zanzibar, kuwa mwenyekiti wa muda, akaongoza vikao vya mwanzo ambamo kanuni zilitungwa, kisha Samuel Sitta akachaguliwa kuwa Mwenyekiti na Samia Suluhu Hassan akawa Makamu wake. Mwandishi aliyesema kwamba Sitta "aliongoza Bunge Maalumu tangu lilipoanza" aliifuta sehemu ya kazi ya mwenzake.

Wakati mwingine mtu habadiliki ila jina la kiti hubadilika. Bunge la Tanzania linapokaa kama Kamati ya Bunge Zima, ili kupitia vifungu vya muswada, au kama Kamati ya Matumizi, ili kupitia makadirio ya matumizi, anayeongoza huitwa Mwenyekiti, na mbunge aliyekuwa akisema "Mheshimiwa Spika" dakika chache zilizopita sasa husema "Mheshimiwa Mwenyekiti". Hiyo ni alama kwamba chombo kilichokaa sasa ni kingine.

Katika vikundi, mabadiliko yanayosahaulika zaidi ni yale ya mgongano wa maslahi. Ombi la mkopo la Mwenyekiti mwenyewe likifika mezani, anapaswa kutangaza maslahi yake, kuachia kiti na ikibidi kutoka nje ya chumba. Andika matendo hayo yote kwa mpangilio wake: "Mwenyekiti alitangaza maslahi katika ajenda ya 5, akaachia kiti na kutoka nje. Makamu Mwenyekiti aliongoza kikao kwa ajenda hiyo. Mwenyekiti alirejea saa 5:20 asubuhi na kuendelea kukiongoza kikao." Sentensi tatu, na hakuna atakayesema kwamba alijikopesha mwenyewe.

Kijijini uzito wa jambo hili huongezeka. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, Mkutano Mkuu wa Kijiji ni wa wakazi wote waliofikisha miaka 18, na kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 Halmashauri ya Kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano huo. Ekari alizopewa mtu, au alizonyimwa, hutegemea karatasi inayosema kwamba mkutano ulifanyika, akidi ilitimia, na ulikuwa na mwenye kiti halali. Mwenyekiti wa Kijiji ndiye anayeongoza, na Mtendaji wa Kijiji ndiye katibu. Mtendaji anayeandika kwamba yeye ndiye "aliyeendesha mkutano", kwa kuwa kweli ndiye aliyesoma ajenda na kuelezea ramani, amempa wakili wa upande wa pili mlango wa kupitia miaka kumi baadaye, wakati waliohudhuria wameshahama au wamefariki.

Hatua ya saba: andika, kisha sahihisha

Anza kichwa cha muhtasari kwa tarehe, mahali na aina ya kikao, kisha orodha ya waliohudhuria, waliotoa udhuru na wasiohudhuria. Ajenda ya kwanza ni kufungua kikao, na hapo ndipo sentensi ya kuongoza inapokaa, mapema, kabla ya jambo lolote kuamuliwa. Usiiache mpaka mwisho karibu na sahihi. Sentensi iliyokamilika hutaja mtu, cheo, sababu kama si mwenyewe, na saa: "Kikao kilifunguliwa saa 4:10 asubuhi na Makamu Mwenyekiti, ambaye alikiongoza kwa mujibu wa katiba ya kikundi kwa kuwa Mwenyekiti alitoa udhuru wa msiba." Baada ya hapo, katika ajenda za katikati, kuendesha kunaweza kuingia kwa nafasi yake: mjadala uliendeshwa kwa kila mjumbe kusema mara moja, upigaji kura uliendeshwa kwa siri. Ukimaliza, pitia maandishi yako ukitafuta kila "-ongoz-" na kila "-endesh-", na kwa kila kimoja uliza lile swali la kiti na lile swali la mwendo.

Msomee sentensi ya kwanza mtu aliyeongoza kabla hajatia sahihi. Nilikuwa sifanyi hivyo, na Makamu wetu alitia sahihi ukurasa uliomnyima kiti chake mwenyewe bila kuuona.

Kama muhtasari umeshathibitishwa na kosa limegunduliwa baadaye, usichane ukurasa na usifute kwa wino mweupe. Lete jambo katika kikao kinachofuata, chini ya yatokanayo na muhtasari, eleza kilichoandikwa na kilichotokea, waulize waliokuwepo wathibitishe, kisha uandike sahihisho katika muhtasari mpya na kuweka alama pembeni ya ule wa zamani inayoelekeza kwenye tarehe ya sahihisho, pamoja na sahihi za Mwenyekiti na Katibu. Sisi tulifanya hivyo mchana ule. Wajumbe 11 waliokuwa katika kikao kile walithibitisha mmoja mmoja, akiwemo aliyetozwa faini, na nikaandika: "Ilikubalika kwamba kikao hicho kilifunguliwa na kuongozwa na Makamu Mwenyekiti, na kwamba Katibu alisoma ajenda na kuandika muhtasari. Neno 'kiliendeshwa' katika aya ya kwanza lisomwe 'kiliongozwa', na jina la Katibu katika aya hiyo lisomwe Makamu Mwenyekiti." Sanduku likafunguliwa kwa funguo zake tatu, faini ikalipwa, na Mweka Hazina akaiingiza kwenye daftari kwa tarehe ya siku hiyo.